Binti wa miaka 13, mgongo umepinda nyuzi 52, tumeambiwa afungwe vyuma. Tukubali au tusubiri?

#1 Mama wa Kwanza
Wakuu, salaam. Binti yangu ana miaka 13. Mwaka jana nilikuwa namshonea gauni, na kila nikimpima naona pindo la chini limepanda upande mmoja. Nikadhani nimekosea mimi, nikafumua, nikashona tena. Siku alipoinama kuokota sindano ndipo nikaona mgongo umenyanyuka upande wa kulia kama vile ana bega la pili. Eksirei ya kwanza ilisoma nyuzi 41, akapewa bresi, ile fulana ngumu ya kuushikilia mgongo. Ya mwezi uliopita, miezi kumi baadaye, imesoma 52. Mpindo uko kifuani, umeelekea kulia. Daktari anasema bresi imefika mwisho wake. Anashauri kuunganisha pingili kwa skrubu na fito mbili za chuma, kuanzia pingili ya nne ya kifua hadi ya kwanza ya kiuno. Hedhi alianza mwaka mmoja na nusu uliopita.

Mtoto haumwi popote. Anakimbia, anacheza. Swali lake ni moja tu: "Nitaweza kuinama kufunga kamba za viatu?" Sikuwa na jibu. Mliopitia haya au mnaoyaelewa, nisaidieni. Tukubali, tusubiri, au kuna njia nyingine?

#2 Tausi
Pole mama. Nianze na swali la binti: ndiyo, kamba atafunga. Mimi niliungwa nikiwa na miaka 14, sasa nina 33. Kuinama kwingi hutoka nyongani na kwenye pingili za chini za kiuno. Eneo la kifua halikunjiki sana hata kwa mtu mzima wa afya, kwa sababu mbavu zinalishika. Kilichobadilika kwangu ni kwamba siwezi kujikunja mgongo ukawa duara, nachuchumaa badala ya kupinda, na nikitaka kutazama nyuma nageuka mwili wote.

Muulize daktari kwa nini ameamua kuishia pingili ile na si nyingine. Kila pingili ya kiuno inayoachwa huru ni faida ya maisha.

#3 Asili Kwanza
Msikimbilie kisu. Mtoto haumwi, apasuliwe kwa lipi? Haya ni matokeo ya mabegi mazito na kukaa vibaya. Aning'inie kwenye bomba kila asubuhi, aogelee, apate mtu wa kumkanda. Kuna kijana namjua mgongo wake ulinyooka kwa miezi mitatu. Usain Bolt alikuwa nalo tatizo hilohilo, akalimaliza kwa mazoezi.

#4 Fundi Viungo
Namba 3, nakuheshimu ila hapo sikuachi. Nimefanya kazi ya fiziotherapia miaka 22.

Begi halipindishi uti wa mgongo kwa namna hii. Kwa karibu watoto wanane kati ya kumi chanzo hakijulikani, na baadhi yao wana ndugu katika ukoo mwenye hali hiyo. Hapa pingili hazijalala ubavu tu, zimejisokota pia, na huko kujisokota ndiko kunakosukuma mbavu nyuma hadi Mama wa Kwanza akaona "bega la pili". Kijana wako wa miezi mitatu huenda alijipinda kwa maumivu ya msuli. Maumivu yakiisha, mpindo unaisha.

Bolt hakulimaliza. Mwenyewe amesema mgongo wake umepinda, na kwamba bila kuimarisha misuli ya tumbo na kiuno alikuwa akiumia kila mara. Alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 kule Berlin mwaka 2009 akiwa na mgongo huohuo.

Mazoezi ya Katharina Schroth, yaliyoanzia Ujerumani miaka ya 1920, nayafundisha mimi mwenyewe. Yanasaidia pumzi, mkao na maumivu, na kwa mipindo midogo yana nafasi yake. Sijawahi kuona yakirudisha 52 kuwa 30.

Mama, samahani kwa swali hili: bresi alivaa saa ngapi kwa siku? Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba waliopewa bresi asilimia 72 walimaliza kukua bila kufika nyuzi 50, na wasiopewa asilimia 48. Ila waliovaa takriban saa 13 na zaidi walifaulu karibu tisa kati ya kumi.

#5 Mama wa Kwanza
Tuliambiwa saa 18. Ukweli ni usiku tu. Wenzake darasani walikuwa wanaigonga kwa vidole kama mlango, akakataa kwenda nayo. Nilimhurumia, nikanyamaza. Limeniuma kulisoma hapa lakini asante kwa kuuliza.

#6 Tausi
Mama, usijibebeshe. Mimi nilivaa yangu karibu saa zote na bado nilifika 55. Kuna mipindo haisikii.

#7 Kiranja
Kuhusu namba zenyewe. Nyuzi hizo hupimwa kwa njia ya Cobb, daktari wa New York aliyeieleza mwaka 1948: unachora mstari juu ya pingili iliyoinama zaidi juu, mwingine chini ya ile iliyoinama zaidi chini, unapima pembe kati yake. Watu wawili wakipima picha moja wanaweza kutofautiana hadi nyuzi tano. Kwa hiyo 41 kwenda 52 ni mabadiliko ya kweli, si kosa la rula. Lakini kama tofauti ingekuwa 48 na 51, nisingemruhusu mtu anipeleke chumba cha upasuaji kwa namba hiyo peke yake.

Mstari wa 50, ambapo madaktari huanza kuzungumzia upasuaji, pia haukutoka hewani. Madaktari Weinstein na Ponseti wa Iowa, Marekani, walifuatilia wagonjwa kwa miongo mingi, wakachapisha mwaka 1983. Mipindo iliyokuwa chini ya 30 mtu alipomaliza kukua, kwa kawaida ilitulia. Ya kifuani iliyokuwa kati ya 50 na 75 iliendelea kwa karibu nyuzi moja kila mwaka. Mtoto wa miaka 13 ana miaka mingi ya kuhesabu moja moja.

#8 Mpindo Wangu
Mimi ndiye huyo wa kupanda polepole, ila kwangu ni karibu nusu nyuzi kwa mwaka. Nilikuwa na 51 nikiwa na miaka 17, wazazi wakakataa upasuaji. Sasa nina 46, nipo kwenye 66. Nimezaa wawili, nimefanya kazi, nimeishi. Jioni mgongo unawaka upande mmoja, na nguo ya dukani hainikai. Mwaka jana nilimuuliza daktari kama bado inawezekana. Akasema inawezekana, lakini mpindo umekakamaa. Itabidi pingili nyingi zaidi zifungwe na huenda mfupa ukakatwa ili uti unyooke, na kupona kwa mtu wa umri wangu kunachukua muda mrefu kuliko kwa mtoto. Zipo siku najuta. Nyingi sijuti.

#9 Komredi
Kwetu tukiona mtu wa hivi tunasema kibiongo, basi. Kuna mfalme wa Uingereza naye alikuwa kibiongo na akapigana vita.

#10 Kiranja
Komredi, tuachane na hilo neno hapa, kuna watoto wanasoma. Tena si jambo moja. Kibiongo ni mgongo kuinama mbele. Huu unaenda ubavuni na kujisokota. Mfalme wako ni Richard III, aliyeuawa vitani Bosworth mwaka 1485. Shakespeare ndiye aliyemchora kuwa kibiongo. Mifupa yake ilipofukuliwa mwaka 2012 chini ya maegesho ya magari Leicester, ikaonekana hakuwa na kibiongo kabisa. Alikuwa na mpindo wa ubavuni unaozidi nyuzi 60.

#11 Komredi
Nimeelewa, naomba radhi. Ila nimeupata mfano: zaidi ya 60 na alipanda farasi na upanga mkononi. Kwa hiyo Asili Kwanza ana hoja kidogo?

#12 Nesi wa Zamu
Alikufa na miaka 32, Komredi. Hatukumwona akiwa na miaka 60.

Nieleze kinachotokea mle ndani, kwa sababu watu wanaogopa kiza. Nimesaidia upasuaji huu kwa miaka mingi. Mtoto analazwa kifudifudi akiwa usingizini. Misuli inasogezwa pembeni, skrubu zinapita kwenye shingo za pingili, fito zinapindwa kufuata umbo linalotakiwa, kisha uti unavutwa taratibu kuifuata fito. Mwisho vipande vya mfupa vinatandazwa juu. Watu wengi hawajui hili la mwisho: chuma si tiba, ni kishikizo tu. Tiba ni mfupa kuota na kuziba pingili ziwe kitu kimoja, na hiyo ni kazi ya miezi. Chuma kikiachwa peke yake bila mfupa kuunga, siku moja kitakatika, kama waya unaokunjwa kila siku.

Hofu kubwa ni kupooza. Kuna mtu mle kazi yake ni moja: anatuma umeme mdogo kutoka kichwani hadi miguuni muda wote na kutazama kama unafika. Ukipungua, kila mtu anasimama. Zamani tulimwamsha mgonjwa katikati ya upasuaji, njia iliyotoka Ufaransa mwaka 1973. "Chezesha vidole vya miguu." Vikicheza, unamlaza tena. Nimewahi kuushika mguu huo nikisubiri. Sitasahau vile vidole. Siku hizi inafanyika pale umeme unapotia shaka. Kwa kijana asiye na ugonjwa mwingine, madhara ya neva ni chini ya mmoja kwa mia, lakini yapo, na daktari asiyeyataja msimwamini.

#13 Baba Pacha
Vipi ile ya kamba? Nimesikia wanafunga kamba badala ya chuma, mtoto anabaki anapinda kama kawaida, hakuna kuunganisha. Kwa nini hajaambiwa?

#14 Nesi wa Zamu
Unaingia kwa ubavuni mwa kifua, unafunga kamba ngumu upande wa nje wa mpindo. Upande huo unabanwa, wa pili unaendelea kukua, na mtoto ananyooka kwa ukuaji wake mwenyewe. Marekani iliiruhusu rasmi mwaka 2019. Sharti lake ni ukuaji, awe na urefu wa kutosha bado mbele yake. Binti wa mwaka mmoja na nusu baada ya hedhi, kwa wengi treni hiyo imeshaondoka. Na kamba hukatika. Nyingine hunyoosha kupita kiasi, mpindo unaanza kwenda upande wa pili. Wanaorudi tena mezani ni wengi kuliko wa fito.

#15 Baba Pacha
Asante nesi. Lakini nikatae kidogo: kamba ikikatika mgongo ukiwa umeshanyooka na mtoto amemaliza kukua, amepoteza nini? Bado ana pingili zake huru. Chuma hakina kurudi nyuma.

#16 Tausi
Baba Pacha, ungeniambia hivyo nikiwa na 14 ningekuelewa. Sasa hivi nakuambia sizikumbuki hizo pingili. Nakumbuka wiki mbili za kwanza, ambazo zilikuwa mbaya: kugeuka kitandani ni kazi ya watu wawili, na dawa za maumivu zilinifunga choo hadi nikalia. Siku ya pili walinisimamisha nikaona dunia iko chini, nilikuwa nimerefuka sentimita tatu. Siku ya tano nilirudi nyumbani. Darasani baada ya wiki tano, michezo baada ya miezi sita.

#17 Mlezi
Naomba niingie na hali tofauti, msije mkawachanganya wazazi wa watoto wadogo. Wangu ana miaka mitano. Kwake kuunganisha kifua chote sasa hivi kungekuwa kumfungia mapafu kwenye sanduku, kwa sababu kifua lazima kiendelee kukua. Kwanza alivaa plasta za mwili, zinabadilishwa kila baada ya miezi michache. Daktari Min Mehta wa Uingereza alionyesha kwamba kwa wengine zikianza mapema sana, mgongo hunyooka moja kwa moja. Wetu tulichelewa. Akawekewa fito zinazorefushwa. Za kawaida zinahitaji kumpasua tena kila miezi sita hivi. Za sumaku hurefushwa kliniki kwa mashine iliyowekwa juu ya ngozi, hapasuliwi, anacheka tu kwamba anatekenywa.

#18 Kiranja
Mlezi, mwulize daktari kuhusu kulika kwa chuma. Uingereza ilisimamisha uwekaji wa fito za sumaku za aina moja mwaka 2020 kwa ajili ya hilo. Si kwamba zote zitolewe haraka, ila zifuatiliwe.

#19 Mlezi
Tulielezwa, na tuna tarehe ya kuzitoa. Nilipiga hesabu: kukwepa kumlaza usingizi mara mbili kila mwaka, dhidi ya unga wa chuma kwenye nyama yake. Hesabu hiyo ilininyima usingizi. Hadi leo sijui kama nilichagua vizuri.

#20 Mkono kwa Mkono
Mwanangu ana mtindio wa ubongo, hatembei. Kwetu hakuna aliyezungumzia sura wala mbavu. Alikuwa ameegemea upande mmoja hadi mbavu zinagusa nyonga, kila mlo anatapika, makalio yanachubuka. Alifungwa kuanzia juu kabisa hadi kwenye mfupa wa nyonga. Akapata maambukizi ya kidonda, ambayo kwa watoto wa aina yake ni ya mara kwa mara kuliko kwa binti wa namba 1, tukarudi kusafishwa mara mbili. Ilikuwa miezi mitatu migumu. Leo anakaa wima, mikono yake miwili iko huru kwa sababu haitumii tena kujishikilia. Alinishika uso kwa mikono yote miwili. Hilo ndilo nililolipata kwenye upasuaji.

#21 Mpindo Wangu
Namba 20, nimesoma mara mbili. Asante.

#22 Babu Mstaafu
Wanangu, na sisi wazee tupo. Nina 68. Ujana wangu nilikuwa mnyoofu, mgongo umepinda uzeeni kwa diski kuchakaa upande mmoja. Nyuzi 28 tu, Mama wa Kwanza angezichekelea, lakini mimi nilikuwa siwezi kutembea hatua mia bila kukaa. Miguu inawaka, nikiinama mbele kama nasukuma toroli napata nafuu. Daktari akasema hapo shida si pembe, ni neva zilizobanwa. Nilipewa njia mbili: kupanua tu pale neva zilipobanwa, au kufunga chuma kiuno chote. Nikachagua ndogo. Natembea. Mpindo uko palepale.

Rafiki yangu alichagua kubwa, amenyooka vizuri, ila pingili iliyo juu ya mwisho wa chuma ikasagika na kichwa kikaanza kutangulia mbele. Kurudi tena. Alikuwa mvutaji, na mifupa yake haikupimwa uimara kabla. Wazee wenzangu, hayo mawili yamalizwe kwanza: sigara hukataza mfupa kuunga, na mfupa laini haushiki skrubu.

#23 Asili Kwanza
Nimewasoma wote, na mambo ya begi nimeyaacha, Fundi Viungo amenishinda. Ila swali langu halijajibiwa. Mtoto wa 13 akiishi hadi 80, hicho chuma kinakaa miaka 67. Nani amekifuatilia muda huo?

#24 Tausi
Swali zuri kuliko la kwanza, kaka. Shangazi yangu aliwekewa fito ya Harrington, ile iliyobuniwa Houston miaka ya 1950, kwanza kwa watoto wa polio. Ilivuta mgongo kama jeki, na kwa kuvuta ikanyoosha hata ule mbinuko wa kawaida wa kiuno. Alilala kwenye plasta miezi sita. Alipofika 50 mwili ulianza kuinama mbele, anapiga magoti kidogo ili asimame wima. Fito za leo hupindwa kuulinda mbinuko huo, na nilichofungwa mimi hakigusi chini ya kiuno. Lakini ni kweli, aliyefungwa skrubu za kisasa utotoni na akafika miaka 80 hayupo bado.

#25 Baba Pacha
Tukiwa hapo, kwa nini wasichana? Wangu ni pacha, wa kike anao, wa kiume hana.

#26 Fundi Viungo
Kwa mipindo midogo wavulana na wasichana wanakaribiana. Ikizidi 30 ndipo wasichana wanakuwa karibu kumi kwa mvulana mmoja. Nadharia ninayoiamini mimi ni ya ukuaji: sehemu ya mbele ya pingili hukua haraka kuliko ya nyuma, mgongo unapoteza msimamo na kujisokota, na msichana hukua ghafla zaidi.

#27 Kiranja
Wapo wanaosema ni vinasaba. Wengine homoni: vifaranga wa kuku wakiondolewa tezi ya ubongo inayotoa melatonini, migongo inapinda. Tatizo, watoto wengi wenye hali hii melatonini yao ni ya kawaida.

#28 Fundi Viungo
Na kuku anasimama kwa miguu miwili kama sisi. Ndiyo maana nang'ang'ania hoja ya uzito na msimamo.

#29 Mama wa Kwanza
Nimerudi, asanteni sana. Tulikwenda kwa daktari wa pili na picha ileile. Yeye amesoma 49. Akatazama mfupa wa nyonga, akasema alama ya Risser, inayoonyesha mifupa imekomaa kiasi gani, ni 4, ukuaji umebaki kidogo sana. Anasema tupige picha baada ya miezi sita. Ikitulia tunaweza kuendelea kutazama, ikipanda tufunge. Wa kwanza nimempigia, hajabadilika: anasema atapanda polepole hata akimaliza kukua, na mgongo wa 13 unanyooka kirahisi kuliko wa 30. Wote wawili wameniambia niamue bila haraka. Baba yake anataka tusubiri. Mimi kila nikimtazama akiinama naona namba 8.

#30 Mpindo Wangu
Usinitumie mimi kama kitisho, dada yangu. Nitumie kama taarifa.

#31 Kiranja
Hapo ndipo zile nyuzi tano zinapouma. 49 na 52 ni picha moja. Picha ijayo ipimwe na mtu mmoja, kwa pingili zilezile.

#32 Mama wa Kwanza
Nimeandika. Binti amesoma uzi wote jana usiku bila ruhusa yangu. Kamba za viatu ameziacha. Ana swali kwa Tausi: kovu lako liko wapi hadi wapi, na huwa unavaa nguo ya mgongo wazi?

#33 Tausi
Mwambie linaanza kati ya mabega, linaishia juu kidogo ya kiuno, limenyooka na limefifia. Bintimfalme Eugenie wa Uingereza alipasuliwa akiwa na miaka 12, na mwaka 2018 aliolewa na gauni lililoacha kovu lake lionekane makusudi. Mimi nilianza nikiwa na 19. Kabla ya hapo nilikuwa nafunga shali hata kwenye joto, hilo pia mwambie. Akitaka kuniuliza mwenyewe, nipo.